Kitufe cha Kijani

Parastu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kazi yake nyumbani ilikuwa mkate. Kila siku saa kumi alasiri alivaa koti, akachukua kitambaa cha kufungia, akaenda kusimama foleni kwenye tanuri la mwokaji, Mash Rahim. Pale palikuwa na foleni mbili: ya wanaotaka mkate mmoja, ambayo ilikwenda haraka, na ya wanaotaka mingi, ambayo ilionekana haiendi kabisa. Kwao walikula mikate minne kwa siku, kwa hiyo Parastu alisimama kwenye foleni ya pili.

Zamani alichukia kusubiri. Mwaka huu hakuchukia tena. Dada yake mkubwa, Mahshid, aliyekuwa akisomea uuguzi huko Kerman, alikuwa amemwekea programu ya kadi kwenye simu ya zamani ya mama yao. Mahshid mwenyewe aliitumia kukariri majina ya dawa.

"Ni kama kadi za karatasi," alimwambia. "Mbele kuna swali, nyuma kuna jibu. Ukishaliona jibu, bonyeza kitufe. Chekundu maana yake sikukumbuka. Cha kijani, nimekumbuka. Kadi ya kijani inapelekwa mbali: utaiona kesho kutwa, halafu wiki ijayo, halafu mwezi ujao. Kadi nyekundu inarudishwa karibu, baada ya dakika kumi, na kesho tena. Hupotezi muda kwa unachokijua, na usichokijua hakipati nafasi ya kukutoroka."

Parastu hakuwa na majina ya dawa ya kukariri. Yeye alitaka mashairi. Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya Noruzi, mwaka mpya wa Kiajemi, shule za msingi za Damghan zilishindana katika mchezo ambao watoto wa mji ule huujua kabla hawajajua kusoma. Mmoja anasema ubeti wenye vipande viwili. Herufi inayomaliza ubeti huo ndiyo herufi ambayo mwenzake lazima aanze nayo. Ukiachiwa dali, tafuta ubeti wa dali. Ukiachiwa mimu, tafuta wa mimu. Kurudia ubeti uliokwisha kusemwa ni marufuku, na anayekwama ametoka.

Mtandaoni Parastu alipata kadi mia tatu zilizokwisha kutengenezwa na mtu asiyemjua. Mbele paliandikwa kipande cha kwanza cha ubeti, nyuma kipande cha pili. Alizipakua zote kwa mara moja.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja mbele yake alisogea hatua moja. Parastu akasoma kipande cha kwanza, akageuza kadi, akaona kipande cha pili. Ah, huu naujua. Kijani. Mama akasogea tena. Kadi nyingine, akageuza. Na huu naujua. Kijani. Hakuwa anajidanganya kwa makusudi. Kila alipoliona jibu, lilikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kukutana naye, naye alitaka kumaliza kadi za siku kabla zamu yake haijafika.

"Wee binti," Mash Rahim alimwita, akikung'uta kutoka kwenye mkate mrefu kokoto za moto ulizookewa juu yake. "Kinachoungua hapa ni mkate wangu au simu yako?"

"Minne, Mash Rahim. Mkono wako usiume," Parastu alimshukuru kama ilivyo desturi.

"Ningekuwa na kidole chepesi kama chako ningeoka mikate elfu kwa siku."

Watu wa foleni walicheka. Parastu alitandaza mikate kwenye kitambaa na kutazama kioo cha simu mara ya mwisho. Programu ilikuwa imeandika: Unajua kadi 300.

Kesho yake Bi Sotudeh, mwalimu aliyesimamia mashindano, aliwaita wasichana wawili wa darasa la tano. Timu ilihitaji watu watatu. Viti viwili vilikuwa vimeshapata wenyewe, na cha tatu kilikuwa kati ya Parastu na Hengameh.

"Hengameh, unajua beti ngapi?"

"Themanini, Bi." Hengameh alizipata kwa baba yake, dereva wa lori, ambaye akiwa njiani husema mashairi ili asisinzie.

"Na wewe, Parastu?"

"Mia tatu, Bi."

Hengameh alimgeukia. "Mia tatu za wapi? Za kuchota kwa ndoo?"

Parastu alitoa simu na kuonyesha. Bi Sotudeh alivaa miwani, akaisoma ile namba, akatikisa kichwa kwa mshangao. Siku hiyo alikuwa na madaftari ya madarasa mawili ya kusahihisha. Alichukua kalamu na kuandika jina la Parastu.

Hengameh alifunga daftari lake polepole.

Ijumaa ile Ami Jalil, mdogo wa baba yake Parastu, alikuja na familia yake kula chakula cha mchana. Walikula wali wa majani mabichi na samaki, nguo ya chakula iliyotandikwa sakafuni ikakunjwa, chai ikaletwa. Ami Jalil aliweka kipande cha sukari mdomoni na kujikohoza.

"Leo tumekaa na bingwa," alisema. "Nasikia amebeba mia tatu. Sisi wengine tukae kwa adabu."

Alisema ubeti wa mtunza bustani aliyesahau kufunga lango, ukaishia kwenye dali. Kisha akamwelekezea Parastu kiganja, kama mtu anayemkaribisha mgeni apite kwanza.

Parastu alikuwa na hakika kwamba beti za dali anazo, pengine ishirini. Alizitafuta kichwani kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya watu. Alipapasa huku, akapapasa kule. Ukuta mtupu.

"Ami, nianzishie kipande cha kwanza tu. Nitamalizia mwenyewe."

"Nikikuanzishia nitakuwa nimecheza mimi. Hata jogoo wa jirani ukimwanzishia anamalizia."

Walicheka, na Parastu akajaribu kucheka nao. Binamu yake Kian, mwenye miaka minane, aliinua mkono na kusema ubeti wa dali wa shomoro aliyelala kwenye kofia ya mzee. Duru ikazunguka. Iliporudi kwa Parastu alikuta nuni, na kwenye nuni pia hapakuwa na kitu.

"Usijali, roho yangu," alisema Ami Jalil. "Hizo mia tatu labda umezisahau kwenye chaji."

Parastu aliokota vikombe vitupu, akaenda navyo jikoni, na hakurudi.

Baada ya muda baba yake alimfuata. Jina lake lilikuwa Karamat, fundi wa hita za gesi, na majira ya baridi mikono yake haikukosa harufu ya sabuni na mpira. Hakuuliza kwa nini vikombe sita vinaoshwa kwa robo saa. Alichukua kitambaa, akaanza kuvikausha.

"Programu imenidanganya, baba," Parastu alisema mwishowe.

"Hebu nione ilivyokudanganya."

Waliketi sakafuni, mgongo kwenye jokofu. Karamat alitazama jinsi mwanawe anavyofanya: soma, geuza, kijani, soma, geuza, kijani. Kwenye kadi ya nne aliweka kidole gumba juu ya kioo kabla Parastu hajageuza.

"Kabla ya kugeuza, sema kilichoko nyuma."

Parastu alifungua mdomo. "Huu naujua, baba. Ni kwamba tu..."

"Sawa, unaujua. Useme."

Hakuweza. Karamat aliondoa kidole. Jibu lilipoonekana, Parastu alisema palepale, "Si nilikwambia, huu naujua!"

"Umeutambua," alisema baba yake. "Mimi nikimwona mjomba wa mama yako barabarani namtambua. Ukiniuliza jina lake nikiwa hapa jikoni, silikumbuki."

Walijaribu kadi ishirini. Parastu aliweza kumalizia sita. Kisha baba yake alimtajia herufi peke yake, bila kipande cha kwanza, kama alivyofanya Ami Jalil. Kati ya zile sita zikabaki mbili.

"Tazama," Karamat alisema. "Mambo ni mawili. La kwanza, kadi hii inakuuliza swali ambalo mashindanoni hutaulizwa. Inakupa nusu ya ubeti, na wenzako watakupa herufi moja. Aliyeitengeneza pengine alikuwa na haja nyingine, usimlaumu. La pili ni hicho kitufe."

"Kila mtu anabonyeza haraka, baba."

"Huenda," Karamat alisema. "Nikimaliza kufunga mpira wa gesi kwenye hita ya mtu, huwa napaka povu la sabuni kwenye kiungo. Gesi ikivuja, povu linatunga kipovu. Miaka ishirini na miwili nafanya kazi hii. Naweza kufunga nimefumba macho. Bado napaka."

"Kwa sababu hujiamini?"

"Najiamini. Ndiyo maana napaka." Alikunja kitambaa. "Siku moja, nyumba ya mwisho, baridi kali, nilijiambia hii naijua. Nikabeba sanduku, nikaondoka. Nilipofika nusu ya njia miguu ilikataa. Nikarudi, nikapaka. Kilitoka kipovu kimoja, kidogo kama punje ya ulezi."

"Wenye nyumba walisemaje?"

"Hawakujua kitu. Walinikaribisha chai. Niliiacha ikapoa."

Parastu alitazama simu. Ile namba ilikuwa bado pale. Alimfikiria Hengameh akifunga daftari.

"Bi Sotudeh ameshaliandika jina langu," alisema. "Ameliandika kwa sababu ya mia tatu. Nifanye nini?"

"Hilo siwezi kukujibia. Jina ni lako, na wewe ndiye unayejua liliandikwaje."

Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki, Parastu aliwahi shuleni. Bi Sotudeh alikuwa kwenye chumba cha walimu akichomeka hita. Hengameh naye alikuwepo, ameleta chaki.

"Bi, zile mia tatu si za kweli," Parastu alisema kabla hajaishiwa na ujasiri. "Nilikuwa nabonyeza kijani nikishaona jibu. Jana nimejipima vizuri. Najua kumi na saba."

Hengameh aliiweka chaki mezani. "Kumi na saba? Kiti changu kimekwenda kwa kumi na saba?"

"Hengameh," alisema Bi Sotudeh.

"Nahesabu tu, Bi."

Bi Sotudeh alivua miwani na kuifuta kwa pembe ya mtandio wake. "Na mimi pia nilibonyeza kijani," alisema. "Nilionyeshwa namba, nikaiandika, sikumwomba mtoto aniambie hata ubeti mmoja. Samahani, Hengameh." Alifungua orodha na kufuta jina la tatu. "Zimebaki siku kumi na nane niipeleke orodha hii. Jumatano ya mwisho mtapokezana beti nyinyi wawili, mbele yangu. Atakayebaki, ndiye."

Nje ya mlango Hengameh alimwambia Parastu, "Mimi nisingesema." Kisha, baada ya hatua mbili, akaongeza, "Lakini nitakushinda vilevile."

"Njoo na ndoo yako," Parastu alisema, na Hengameh akacheka asivyotaka.

Jioni hiyo Parastu hakugusa zile kadi mia tatu. Alianza kutengeneza zake, moja moja, kutoka kitabu cha shule, kutoka kwa mama yake, kutoka kwa Ami Jalil ambaye alimpigia simu na kumwambia, "Nidai beti zozote unazotaka, maana Ijumaa nilizidisha utani." Mbele ya kila kadi aliandika herufi moja kubwa na neno moja la kumkumbusha: dali, shomoro. Nuni, kisima. Mimu, koti lililoraruka. Nyuma aliandika ubeti wote, na chini yake herufi ambayo ubeti unaishia nayo, kwa sababu hiyo ndiyo angemwachia mwenzake.

Akajiwekea kanuni moja. Kabla ya kugeuza kadi, ubeti useme kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Neno moja likikosekana, ni nyekundu. Ukijiuliza mara mbili kama ni nyekundu au kijani, ni nyekundu.

Siku ya kwanza alipata nyekundu thelathini na moja kati ya arobaini. Siku ya pili programu ilimletea zote thelathini na moja tena, naye akaona aibu, kana kwamba simu ingemsema kwa watu. Siku ya tatu nyekundu zilikuwa kumi na tisa. Siku ya tano alikutana na ubeti wa kisima, ambao hakuwa ameuona kwa siku tatu, na ubeti ukamtoka mdomoni mzima, kama sarafu inayodondoka mfukoni. Alisimama katikati ya foleni ya mkate akitabasamu peke yake.

Aliendelea kusimama kwenye foleni ile ile, ila sasa alinong'ona. Watu walimzoea. Mama mmoja mwenye kikapu alianza kumsikiliza, na kila aliposema "nyekundu" chini kwa chini, mama yule alisema, "Haya, kesho."

"Binti, siku hizi husogei," Mash Rahim alilalamika. "Watu watano wamekupita."

"Nimekwama kwenye ghaini, Mash Rahim."

"Ghaini kila mtu hukwama. Baba yangu alikufa akiitafuta."

Ni kweli kwamba beti zinazoanza kwa ghaini ni chache. Parastu alikuwa amepata mmoja tu, wa msafiri anayeuona mji wake kwa mbali. Kadi hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Ilirudi nyekundu mara tatu, mara tano, mara tisa. Mama yake alimshauri aifute. Parastu alikataa. Alikuwa ameanza kuipenda kadi hiyo kwa ukaidi wake.

Programu sasa iliandika: Unajua kadi 71. Ilikuwa namba ndogo, lakini kila moja aliweza kuitoa kwa kutajiwa herufi, usingizini au macho.

Jumatano ya mwisho ilifika. Bi Sotudeh aliweka viti viwili uso kwa uso mbele ya darasa, akashika vitabu vyake mapajani. Hengameh alianza, kwa sauti ya baba yake, nzito na ya mwendo wa lori. Naye alikuwa amejifunza. Hasira ya kunyang'anywa kiti ilikuwa imemwongezea beti nyingi.

Dali, mimu, ye, nuni. Ye tena. Mimu tena. Wasichana wa darasa walihesabu kwa vidole na vidole vikawaishia. Kila Parastu alipoachiwa herufi, alingoja nukta moja, na ile picha ilimjia kwanza, kisima au koti au shomoro, na nyuma ya picha ubeti. Hakuwahi kuwa mtulivu kiasi kile mbele ya watu. Alijua alichonacho na alijua kinapoishia.

Kwenye ubeti wa sitini na moja Hengameh alitabasamu kabla ya kusema. Alisema ubeti mfupi sana, ukaishia kwenye ghaini.

Parastu aliuona mji wa msafiri, kwa mbali. Kipande cha kwanza kilikuja. Kipande cha pili kilikuja nacho, na katikati yake palikuwa na tundu, la neno moja. Ulimi haukungoja. Ulitia neno jingine mahali pake, ukapita, ukamaliza. Neno lilikaa vizuri, wala mizani haikuyumba. Bi Sotudeh aliitikia kwa kichwa. Hengameh alikunja uso na kutazama dari, ameanza kutafuta ubeti wa herufi inayofuata, na ilionekana wazi kwamba haupati.

Parastu aliijua hali ile. Ilikuwa ya foleni ya mkate, siku zile za mwanzo.

"Bi," alisema. "Neno moja pale katikati nimelitia mimi. Lenyewe sikulikumbuka."

"Mbona mimi nimelisikia sawa?" alisema Hengameh.

Bi Sotudeh alifungua kitabu, akatafuta kwa kidole, akasoma.

"Umesema vumbi. Hapa ni ukungu." Alifunga kitabu. "Kwa kanuni ubeti umeanguka. Kiti ni cha Hengameh."

Hakuna aliyepiga makofi mara moja, kwa sababu hakuna aliyejua ampigie nani. Hengameh alinyanyuka, akamwinamia Parastu sikioni.

"Ungenyamaza ungeshinda, we mjinga. Sikuwa na kitu."

"Nilikuona."

"Basi?"

"Basi sikuwa nao ule ubeti," Parastu alisema. "Jumanne ulikuwa nyekundu. Jumapili pia."

Hengameh alivuta kiti chake karibu. "Hizo kadi zako," alisema, "mtu akitaka kutengeneza anaanzaje?"

Siku ya mashindano ukumbi wa maktaba ulijaa. Parastu alikaa safu ya nne na baba yake. Timu yao ilikaa jukwaani, Hengameh mwishoni, miguu ikicheza chini ya meza. Kila upande wa pili ulipoachia herufi, Parastu aliweka kiganja mdomoni na kunong'ona jibu lake kabla wenzake hawajasema. Akipata, alikunja kidole. Asipopata, alikiacha wima. Karamat aliona.

Timu ya shule yao ilifika fainali na kuwa ya pili. Hengameh alitoka jukwaani mashavu mekundu, anaongea na kila mtu kwa wakati mmoja. Nje, kwenye ngazi, Bi Sotudeh aliwakusanya wasichana wake na kutoa daftari.

"Mwaka ujao, kati ya watatu wa timu hii, wawili wanahama shule," alisema. "Naanza kuandika leo. Hengameh, una ngapi sasa?"

"Mia moja na tano, Bi."

Bi Sotudeh aliandika. "Parastu?"

"Tisini na nne, Bi. Kuna sita nyingine bado zinanikimbia. Hizo sikuzihesabu."

Bi Sotudeh aliandika tisini na nne na kugeuza ukurasa.

"Bi, humpimi?" Hengameh aliuliza. "Mimi wiki hii umenipima mpaka nikatokwa jasho."

"Kupima mtu ni kumtafutia asichokijua. Huyu ameshanitajia mwenyewe." Bi Sotudeh aliweka kalamu nyuma ya sikio, akawatazama wote, na Karamat aliyekuwa amesimama kando na kofia yake mkononi. "Sikilizeni, wanangu. Kusahau si kosa. Kila kichwa kinasahau, na changu kinawashinda wote. Ndiyo maana mtu anarudia, leo, kesho, wiki ijayo, mpaka kitu kikae. Lakini kurudia hakumsaidii anayejiambia amekumbuka na hajakumbuka, maana hicho hatakirudia tena. Anayeweza kusema hili silijui, kesho atalijua. Na siku akisema hili nalijua, hatuhitaji kumkagua."

Karamat aliinamisha kichwa kumshukuru. "Usichoke, Bi Mwalimu," alisema.

Walianza kushuka ngazi. Walipofika chini, Hengameh alisimama, akajikuna shingoni, akarudi mbio juu.

"Bi," alisema, "zangu andika tisini na nane."